Tukiwasomea watu maneno wanacheka, tukipiga hawacheki: tuanzeje bendi yetu ya panki?

"Mwalimu, sisi ni vijana wanne wa Nairobi. Watatu tumekua mtaa mmoja na wa nne ni binamu yangu. Tunataka kuanzisha bendi ya panki yenye kuchekesha, inayoimba kuhusu siasa za hapa kwetu: matangi ya maji yenye picha za viongozi, basari zisizomfikia mwanafunzi, barabara inayozinduliwa kila mwaka. Tuna gitaa moja, besi ya kuazima, na binamu yangu hupiga dramu kanisani. Nikiwasomea watu maneno ya nyimbo kwa kinyozi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Tulipozipiga mara ya kwanza mbele ya watu kama 30, hakuna aliyecheka, na rafiki yetu mmoja akatuambia tuna hasira nyingi. Mpiga gitaa anasema panki haihitaji kujua kupiga, kwa hiyo tusihangaike na mazoezi. Mpiga besi anaogopa tutakamatwa. Mama yangu anasema tunaiga mambo ya Wazungu. Tuanzie wapi?"

Wadogo zangu,

Barua yenu ina maswali kadhaa, lakini nimeisoma mara tatu na kila mara macho yangu yamerudi kwenye jambo moja: kwamba maneno yale yale yaliyowavunja watu mbavu kwa kinyozi yalipita kimya mlipoyapiga kwa vyombo. Hapo ndipo nitakapoanzia na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi. Mkilitatua hilo mtakuwa na bendi, na msipolitatua hakuna jina zuri wala gitaa la bei kubwa litakalowasaidia.

Ninyi mnadhani hadhira haikuupenda utani wenu, ilhali mimi nadhani haikuusikia. Rafiki yenu aliyesema mna hasira nyingi hakuwa anawashutumu. Alikuwa anawapa taarifa sahihi ya kile kilichofika masikioni mwake. Panki ni muziki wa kasi na wa sauti ya juu, wenye gitaa linalokwaruza na mwimbaji anayepaza sauti, na ukiyaondoa maneno katika muziki wa namna hiyo kinachobaki ni ghadhabu tupu. Bendi inayoimba mambo mazito inaweza kuvumilia hali hiyo, kwa kuwa ghadhabu yenyewe ni sehemu ya ujumbe wake. Ninyi hamwezi, kwa sababu kichekesho ambacho neno lake la mwisho halikusikika huwa hakikusemwa kabisa.

Kuna jaribio ambalo nimekuwa nikilifanya na bendi changa kwa miaka mingi. Humwomba mtu asiyezijua nyimbo zao aketi nyuma ya ukumbi na daftari, aandike kila neno analolinasa. Jioni moja nilimpa daftari hilo kijana aliyekuwa akiuza soda mlangoni. Bendi ilipiga wimbo wa dakika mbili na nusu, na aliponirudishia daftari kulikuwa na maneno matano: "serikali" limeandikwa mara nne, moja chini ya jingine, na kando yake "mama", lenye alama ya kuuliza. Mwimbaji aliniapia kwamba alikuwa ametamka kila kitu, nami nilimwamini, kwa maana nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nilimsikia. Kinywa chake hakikuwa na kosa lolote.

Kosa liko katika namna sauti zinavyogombania nafasi. Irabu ndizo zinazobeba nguvu ya sauti ya mwimbaji, lakini konsonanti ndizo zinazotutenganishia neno na neno. Bata, kata, paka, saka na shaba yote yana irabu zile zile mbili, na mtu akizisikia hizo peke yake hawezi kujua umetaja ndege, mnyama au madini. Sehemu kubwa ya kile kinachotutambulisha konsonanti iko katika masafa (yaani kasi ya mtetemo wa sauti) ya herzi 2,000 hadi 4,000 hivi. Simu za waya za zamani zilipitisha sauti kati ya herzi 300 na 3,400 tu, na bado tulielewana vizuri, kwa kuwa kipande kikubwa cha eneo hilo muhimu kilikuwa kimo. Sasa angalieni vyombo vyenu: gitaa linalokwaruzwa na matoazi ya dramu hujaza eneo lilo hilo bila kuacha upenyo, na sikio la binadamu likiletewa sauti mbili katika masafa mamoja husikia ile yenye nguvu na kuipoteza nyingine. Kuongeza sauti ya maikrofoni hakuponyi hali hii katika ukumbi mdogo, maana kabla maneno hayajasikika spika zitakuwa zimeanza kupiga mluzi.

Dawa ni kupanga muziki upya kuzunguka maneno, na hili linahitaji wote wanne mlikubali moyoni, hasa mpiga gitaa. Katika beti, apunguze mkwaruzo kwa nusu na azizibe nyuzi kwa upande wa kiganja, ili kila pigo liwe fupi na kavu. Katika kiitikio, ambacho watu watakuwa wameshakijua, aachie nyuzi zilie apendavyo. Binamu yako naye ayaache matoazi makubwa katika beti na kupiga yale mawili yanayofungwa kwa mguu, akiyafunga kabisa. Amplifaya ya gitaa isielekezwe kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na mwimbaji ausogeze mdomo karibu na maikrofoni, upana wa vidole viwili hivi. Kisha, kabla ya neno lenye kichekesho, vyombo vyote vinyamaze. Namaanisha kimya kamili, nusu ya mzunguko wa mapigo manne, neno litamkwe peke yake kama vile mpo kwa kinyozi, halafu bendi nzima iingie kwa kishindo. Watu watakapocheka, kishindo hicho kitawabeba, na hata wasipocheka siku hiyo, hakuna atakayesema hakusikia.

Hapo tumeshughulikia sauti, tukabaki na maneno yenyewe. Naona mnaandika kwa kufuata nyimbo za Kiingereza, ambazo maneno yake mengi ni ya silabi moja, yanayoishia kwa konsonanti kama mlango unaobamizwa. Maneno yetu ni marefu, huishia kwa irabu, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiyapakia juu ya mapigo yaliyokatwa kwa ajili ya lugha nyingine, mkazo huangukia mahali pasipo pake na neno huvunjika, hata likisikika.

Lakini tuna urithi unaolingana na panki kuliko nilivyowahi kutarajia. Shairi letu la kawaida lina mshororo wa mizani (silabi) 16, uliogawanyika katika vipande viwili vya mizani nane. Wekeni kasi ya mapigo 180 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa ya panki, yaani mapigo matatu kwa kila sekunde. Mkitamka mizani mbili kwa kila pigo, mtakuwa mnatamka sita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayeongea kwa haraka bila kujikwaa, na kila kipande cha mizani nane kitaenea sawasawa katika mzunguko mmoja wa mapigo manne. Chukueni mshororo huu:

Diwani kaja na ndoo, maji yenyewe hayapo.

Hesabuni kwa vidole huku mkigonga meza: Di-wa, ni-ka, ja-na, ndo-o. Mapigo manne. Kisha ma-ji, ye-nye, we-ha, ya-po. Mapigo manne mengine. Tazameni pigo la nne katika kila kipande limeangukia wapi: kwenye "ndo" na kwenye "ya", ambazo ndizo silabi zenye mkazo katika "ndoo" na "hayapo". Haikutokea kwa bahati. Mkazo wetu ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, katika kipande cha mizani nane utaangukia mizani ya saba daima, na mizani ya saba ndiyo inayofungua pigo la nne, mahali ambapo mpiga dramu wa panki hupiga ngoma yake ndogo kwa nguvu zote. Mkazo wa shairi na fimbo ya binamu yako vinakutana mahali pamoja. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne utakuwa mizunguko minane, sekunde zisizofika 11, na beti nne pamoja na viitikio vyake vinatosha wimbo wa dakika mbili.

Angalieni pia kwamba nimeandika "diwani", neno ambalo Katiba yetu ya 2010 imeliacha nyuma. "Mwakilishi wadi" lina mizani sita na lingekula robo tatu ya kipande kizima kabla mtu huyo hajafanya lolote, ilhali "diwani" lina tatu na kila mtu mtaani bado analielewa. Neno la kuchekesha nimelipeleka mwisho kabisa, kwa kuwa kicheko huzaliwa pale msikilizaji anapotarajia jambo na kupewa jingine, na likija mapema maneno yanayofuata huliua. Mkiandika kwa Sheng, kanuni ni ile ile. Ila kumbukeni kuwa neno la Sheng linaloeleweka mtaa wa Umoja linaweza kumpita mtu wa Kawangware, na kwamba mwaka kesho huenda limeshachakaa.

Mpiga gitaa anasema panki haihitaji kujua kupiga. Ni kweli kwamba haihitaji madoido, na mtu anaweza kuipiga kwa kodi tatu za gitaa maisha yake yote, lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba haihitaji mazoezi ni mwendo mrefu. Ramones wa New York, ambao wengi huwataja kuwa mfano wa urahisi, walianza kupiga katika klabu ya CBGB mwaka 1974, na albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Ina nyimbo 14 katika muda wa dakika 29 hivi, na zinaingiliana kama mnyororo kwa sababu walikuwa wamezipiga jukwaani kwa karibu miaka miwili. Kile kimya cha nusu mzunguko nilichowaeleza ni kigumu kuliko solo ya gitaa. Mtu mmoja akichelewa kunyamaza, utani umekufa. Fanyeni mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, nyimbo sita tu, na msipande jukwaani kabla hamjaweza kunyamaza pamoja bila kutazamana.

Kuhusu namna ya kuitania siasa, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dead Kennedys wa San Francisco, na nawaeleza kwa kina kwa sababu mazuri yao na mabaya yao yote yanawahusu. Walikutana katikati ya mwaka 1978 kwa njia ya kawaida sana: mpiga gitaa anayejiita East Bay Ray aliweka tangazo akitafuta wenzake, mwimbaji Jello Biafra na mpiga besi Klaus Flouride wakaitikia, na mwezi Julai walikuwa tayari jukwaani. Wimbo wao wa kwanza kutolewa, mwaka 1979, ulimhusu gavana wa jimbo lao wenyewe, Jerry Brown. Hawakumwimba kwa mbali kwa kusema "gavana ni mbaya". Biafra aliimba akiwa ndiye gavana, akijisifu kwa kinywa chake mwenyewe kuhusu nchi anayokusudia kuitawala, na majisifu hayo yalipovuka mpaka ndipo msikilizaji alipoanza kucheka na kuogopa kwa pamoja. Hii ni mbinu mnayoweza kuanza nayo leo: acheni kumlalamikia mwenye tangi la maji, mpeni maikrofoni aeleze mwenyewe kwa nini picha yake ni kubwa kuliko bomba.

Mwaka huo huo wa 1979 Biafra aligombea umeya wa San Francisco. Miongoni mwa ahadi zake ilikuwemo ya kuwalazimisha wafanyabiashara wavae mavazi ya vichekesho ndani ya mipaka ya jiji, lakini ilikuwemo pia ya kutaka polisi wachaguliwe kwa kura na wakazi wa mitaa wanayoilinda. Alipata kura zaidi ya 6,000. Ahadi ya kwanza iliwafanya watu wageuke kutazama, ya pili ikawapa la kufikiria wakiwa wameshageuka, na bila shaka wapo waliokwenda nyumbani wakiijadili ile ya pili. Ndiyo maana nawasihi kila wimbo wenu uwe na jambo moja la kweli ambalo mtu anaweza kwenda kulithibitisha. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutangazwa hadharani na hueleza kaunti kwa kaunti fedha zilivyotumika. Jioni moja mkizisoma mtapata nyimbo nyingi kuliko za mwaka mzima wa kukasirika.

Kuna la tahadhari pia katika mfano huo. Kejeli ya bendi hiyo mara nyingine ilieleweka kinyume, na waliokuja kwenye maonyesho yao wakiwemo vijana wakorofi walioshabikia ufashisti. Mwaka 1981 bendi ililazimika kutoa wimbo wa kuwafukuza waziwazi, bila fumbo lolote. Kwa hapa kwetu hatari kama hiyo inaitwa kabila. Mkimwigiza kiongozi kwa lafudhi yake, hadhira itacheka upesi, lakini nusu ya kicheko hicho itakuwa inamcheka bibi yake kijijini, ambaye hajaiba wala hajazindua barabara yoyote. Igizeni matendo yake, ahadi zake, msafara wake wa magari, namna anavyokata utepe mara tatu kwenye daraja moja. Ulimi wa mama yake uacheni. Vilevile msimcheke mwananchi aliyepokea fulana na pakiti ya unga. Yeye anajua bei ya unga kuliko ninyi.

Sasa nije kwa mama, ambaye hoja yake nimeiheshimu. Gitaa la panki limetoka New York na London, hilo halina ubishi. Lakini kuyachukua mambo ya wenye nguvu, kuyaigiza kwa vyombo na kuyageuza mchezo wenye makali, hilo watu wa huku walilifanya kabla bibi yake hajazaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, vijana wa Lamu na Mombasa walicheza beni, ngoma iliyoigiza bendi za kijeshi za Wazungu. Walipeana vyeo vya kijeshi, wakavaa sare za kuigiza na kushindana kwa nyimbo za kurushiana maneno, na ngoma hiyo ikaenea bara hadi Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa mahasimu wakubwa. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba kwa Kiswahili kuhusu mwuaji aliyeutoroka mkono wa sheria. Na hapa Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kikundi cha vichekesho cha Redykyulass walimwigiza Rais Moi hadharani akiwa bado madarakani, jambo ambalo wazazi wetu walilitazama huku wakitupia jicho mlango. Mama akisikia mizani nane katika wimbo wenu, naamini ataitambua.

Hofu ya mpiga besi ni ya haki na isifanyiwe mzaha. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kujieleza na inautaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanii, lakini ibara hiyo hiyo hailindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na inamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfunga mtu kwa kosa la jinai la kashfa kunakiuka Katiba. Hata hivyo aliyekashifiwa bado anaweza kudai fidia katika kesi ya madai, na kutania hakuwi kinga kwa sababu tu mmekusudia kutania. Tofauti ni hii: "maji yenyewe hayapo" ni jambo ambalo kila mwenye ndoo amelishuhudia, ilhali kumtaja mtu kwa jina na kusema ameiba kiasi fulani ni tuhuma, na anayeitoa ndiye anayetakiwa kuwa na ushahidi mkononi. Ipo pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, yenye vifungu kuhusu habari za uongo vilivyobishaniwa sana mahakamani, nayo inawahusu mara mnapoiweka video mtandaoni. Mkipiga uwanjani au kando ya barabara, onyesho lenu laweza kuchukuliwa kuwa mkutano wa hadhara, ambao hutolewa taarifa kwa polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Kwa mwanzo, ukumbi wa ndani wenye leseni utawapunguzia mengi.

Mambo mengine msiyamalize kwa kusoma jibu langu. Wimbo wowote unaomtaja mtu kwa jina pamoja na tuhuma, mpelekeeni wakili ausome kabla hamjaurekodi. Mkiitwa kituoni, nendeni na wakili na msiandikishe maelezo bila yeye. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Andikeni nambari ya wakili kwenye karatasi, kwa kuwa simu huchukuliwa.

Na angalieni picha kama mnavyoangalia maneno. Kilichomfikisha Biafra wa Dead Kennedys mahakamani mwaka 1987 hakikuwa wimbo hata mmoja, bali bango lililowekwa ndani ya albamu yao ya mwaka 1985, lililosemekana kuwa na madhara kwa watoto. Baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi pamoja, halikukubaliana na kesi ikafutwa, lakini kufikia hapo bendi ilikuwa imeshavunjika.

Jambo la mwisho la bendi hiyo ndilo linalonifanya niwasihi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ninyi ni marafiki na ndugu, na watu wa namna hiyo huona haya kuandikiana. Miaka zaidi ya kumi baada ya kuachana, wale wenzake watatu walimshtaki Biafra kuhusu mirabaha, yaani malipo yatokanayo na nyimbo zao, na mwaka 2000 baraza la mahakama likawapa ushindi. Watu walioimba dhidi ya uchoyo wa makampuni walimalizana mbele ya hakimu kwa sababu ya fedha. Ketini wanne, kabla ya onyesho la kwanza la malipo, muandike ukurasa mmoja: nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, mapato ya kila wimbo yanagawanywaje, vyombo ni vya nani, anayeondoka anaondoka na nini, na jina la bendi linabaki kwa nani. Ushauri wangu ni kugawana sawa kwa sawa kwa miaka miwili ya mwanzo, hata kama mwandishi wa maneno ni mmoja, maana kile kimya cha nusu mzunguko kinatungwa na watu wanne. Wapo wataalamu wenzangu wasiokubaliana nami na wanaosema mtunzi alindwe tangu siku ya kwanza, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa hakimiliki ya utunzi hapa Kenya hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Amueni wenyewe, lakini amueni kwa maandishi. Mkishaandikisha nyimbo, ulizeni ofisi ya hakimiliki, KECOBO, ni chama kipi cha kukusanya mirabaha chenye leseni mwaka huo kabla ya kujiunga na chochote.

Masikio nayo ni chombo chenu cha tano. Viwango vinavyotumika sana kazini huruhusu saa nane katika desibeli 85, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo katika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Chumba cha mazoezi chenye dramu na amplifaya mbili hufika huko bila shida. Vaeni vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza, na yeyote atakayesikia mlio masikioni asubuhi ya pili baada ya mazoezi amwone daktari wa masikio badala ya kusubiri upite.

Kwa hiyo wiki hii msitafute ukumbi. Chukua ule wimbo uliowachekesha watu zaidi kwa kinyozi, uupime kwa mizani nane, na upeleke tena kwa kinyozi yule yule ukiusoma huku binamu yako akigonga kiti kwa kasi ya 180. Wakiendelea kucheka, ongezeni besi. Wakicheka tena, ongezeni gitaa. Chombo kitakachoua kicheko ndicho kinachohitaji kupunguzwa, na mtakuwa mmekijua bila kuniuliza. Siku ya mazoezi ya kwanza ya wote wanne, mwalikeni mama, mpeni daftari na kalamu, mmweke upande wa mbali na matoazi, na mwombeni aandike kila neno analolisikia.